Mgeni ana siku mbili tu Tanga: Amboni au Tongoni, bahari ya mjini au Pangani?

"Wifi, tuko Dar kwa shughuli. Ijumaa jioni tunafika kwako, Jumapili mchana tunarudi. Tutembezeni hiyo Tanga yenu."

Wifi yangu ni mtu wa Mwanza, na safari hii alikuwa anakuja na mama mkwe wangu pamoja na mwanawe wa miaka minane. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika huku. Simu ilipokatika nikaanza kuhesabu: Jumamosi nzima, na asubuhi ya Jumapili. Ukitoa usingizi, milo, na lile joto la saa saba mchana ambalo hata sisi wenyeji hulikimbilia kivulini, panabaki nafasi ya matembezi makubwa mawili. Matatu hayaingii.

Nasema hivyo kwa sababu matatu nimeshayajaribu. Rafiki yangu wa chuo alipokuja kwa mara ya kwanza nilimzungusha Jumamosi moja Amboni, Tongoni na kisiwa cha Toten. Usiku nikamuuliza kipi kimemkaa moyoni. Akataja dafu tulilokunywa chini ya mnazi njiani, kwa kuwa hapo ndipo tulipokaa. Kwingine kote tulisimama, tukapiga picha, tukaondoka. Mji wetu una jina lake la utani, waja leo waondoka leo, na mimi nilimfanya mgeni wangu aondoke kila mahali kabla hajafika. Lilinisikitisha sana jambo lile, maana Tanga ninaipenda na nilitaka aipende.

Tangu hapo nachagua. Na kila anayempokea mgeni wa mara ya kwanza hukutana na njia panda zilezile: Jumamosi mapango ya Amboni au magofu ya Tongoni? Jumapili bahari ya hapahapa mjini au Pangani? Nitavipima viwili viwili, na popote nilipo na upande nitausema.

Amboni na Tongoni

Ukitazama ramani utadhani vyote viwili vinaingia siku moja. Amboni iko kaskazini ya mji, kilomita 8 hivi, unashika barabara ya Horohoro iendayo Mombasa kisha unakata kuingia Kiomoni. Tongoni iko kusini, kilomita 17 hivi, kwa barabara ya Pangani. Umbali si tabu. Tabu ni kwamba vyote viwili vinataka asubuhi. Ukitoka pangoni umelowa jasho na magoti yana vumbi, na mwili unadai mchana wa kupumzika. Tongoni nako magofu hayana paa, na jua la saa sita juu ya mawe yale humfukuza mtu kabla hajaona kitu. Kwa hiyo asubuhi ya Jumamosi ni ya mmoja wao.

Amboni ndiyo mgeni huitaja kwanza, hasa aliyesoma shule za Tanzania na kulikuta jina hilo darasani. Ni mapango yaliyochongwa na maji ndani ya mawe ya chokaa yenye umri wa miaka milioni 150 hivi, na eneo zima la mawe hayo ni kilomita za mraba 234. Mapango yako kumi, ila wageni huingizwa moja. Unaingia na mwongozaji mwenye tochi. Mlangoni ni pakubwa kama ukumbi na mwanga bado unakufuata. Hatua chache mbele dari inashuka, unapita mahali pa kuinama, kisha mahali pa kutambaa, na sauti za nje zinakatika. Juu kuna popo, na harufu yao. Mwongozaji anamulika ukutani: hili kochi, hii meli, hiki kichwa cha tembo, hii ramani ya Afrika. Watoto huanza kushindana kuona mengine yao. Halafu mwongozaji mzoefu huwaomba wote wazime tochi. Giza lile si la usiku tunaoujua, maana usiku una nyota, una taa ya jirani. Nimeona watu wazima wakishikana mikono pale bila kuambizana.

Kuna na mahali pa mzimu. Hadi leo watu huja kuomba haja zao na huacha vitambaa, chupa za marashi, sarafu. Mweleze mgeni kabla hamjaingia kwamba hapo haguswi kitu, na mtu aliyekuja na shida yake hapigwi picha. Mwenyeji ndiye mwenye jukumu hilo, usimwachie mwongozaji.

Simulizi za Amboni ni nusu ya safari. Utasikia ya mbwa aliyepotelea ndani akaibukia mbali, na ya njia za chini kwa chini zinazofika Mombasa. Wataalamu waliopima mwaka 1994 walikuta kwamba pango refu kuliko yote halizidi mita 900 hivi. Mimi humwacha mwongozaji amalize hadithi yake, na kipimo hicho namwambia mgeni tukishatoka nje, tukinywa maji chini ya miti. Avipate vyote viwili: hadithi inamweleza jinsi watu wa hapa walivyoliheshimu pango, kipimo kinamweleza pango lenyewe. Utasikia pia ya Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi, wanaosimuliwa kwamba walijificha mapangoni miaka ya 1950 wakiwakimbia askari wa mkoloni. Kuna wanaowaita wahalifu, kuna wanaosema walimnyang'anya tajiri wakampa maskini. Ukibahatika kumpata mzee wa kukusimulia upande wake, mpe kiti, na mpango wa mchana ahirisha.

Sasa Tongoni. Jina lenyewe ni maelezo: tongo ni mahali palipohamwa, basi Tongoni ni mahameni. Ukifika unaona kuta za msikiti wa kale usio na paa, kibla bado kinatambulika, na kuuzunguka kuna makaburi ya nguzo, yaani makaburi ya mawe ya matumbawe na chokaa ambayo upande wa kichwani huinuliwa nguzo. Nguzo karibu zote zimelala. Moja imesimama. Ni kazi ya karne ya 14 na ya 15, zama ambazo mji huu ulikuwa na biashara yake ng'ambo, na vyombo vya kauri vilivyovuka bahari vilipachikwa kwenye makaburi kama pambo. Leo mikoko imesogea jirani, na upepo wa baharini unapita katikati ya kuta bila kuzuiwa na mlango.

Hapo ndipo penye kisa ninachopenda kukisimulia kuliko vyote vya mkoa huu. Aprili 1498, Vasco da Gama akipanda kuelekea Mombasa, meli yake moja, São Rafael, ilipanda fungu katika maji haya ya Mtang'ata. Maji yalipojaa tena ikaelea, ikaendelea na safari. Milima iliyoonekana bara kutoka baharini, ambayo ni Usambara yetu, Wareno wakaiita kwa jina la meli hiyo. Januari 1499 wakarudi kutoka India, mabaharia wengi wameshakufa kwa maradhi, waliobaki hawatoshi kuendesha meli zote. Wakaichoma São Rafael palepale. Mgeni akikisikia kisa hiki akiwa amekaa juu ya jiwe, bahari iko mbele yake, hahitaji kuelezwa zaidi.

Udhaifu wa Tongoni ni kwamba panamtegemea msimulizi. Ukimpeleka mtu pale bila maneno, dakika kumi zitamtosha, atasema ameona mawe. Amboni inajisimamia yenyewe: hata ukiwa kimya, pango linafanya kazi yake. Na Amboni ina udhaifu wake, ambao huusikii sana. Mtu hutoka pale amestaajabu, lakini ameshangazwa na jiwe. Bado hajakutana na watu waliotengeneza pwani hii. Tongoni imejaa watu, ingawa wote wamelala.

Ukiniuliza wewe umpeleke wapi mgeni wako, nitakuuliza kwanza magoti yake yana hali gani. Anayeogopa sehemu finyu, mzee, mjamzito, mwenye pumu: Tongoni, bila mjadala. Watoto wa kuanzia miaka saba na vijana: Amboni, na wavae raba, si ndala. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za mapangoni huteleza na tope la nje halipendezi, kwa hiyo miezi hiyo naelemea Tongoni asubuhi isiyo na wingu. Kwa mfuko, Amboni ni nafuu kuifikia kwa sababu bajaji ya kwenda na kurudi inatosha. Tongoni ni bora upate gari la kukungojea, maana kusimama barabarani kusubiri usafiri wa kurudi mjini kunakula ule utulivu wote ulioufuata. Sehemu zote mbili Mtanzania na mgeni wa nje hawalipi kiingilio sawa, basi kama unampokea mtu wa nje mwambie mapema ajiandae, asione ni wewe unayemgeuza.

Na mgeni mwenye afya njema, hana mtoto, hana haraka, mtu mzima wa kawaida? Tongoni. Najua wengi mjini watanipinga, na Amboni ndiyo yenye sifa. Lakini nimewapeleka watu wa kutosha pande zote mbili, na waliokwenda Tongoni ndio wanaonipigia simu mwaka unaofuata kuniuliza habari za ile nguzo.

Jioni ya Jumamosi haina mshindani

Hapa silinganishi kitu na kitu. Jioni ya Jumamosi ni ya mji wenyewe, kwa miguu, na nitasema kwa nini.

Reli ndiyo inayoufafanua mji huu. Wajerumani walianza kuijenga kutoka hapa bandarini mwaka 1893, ikapanda taratibu kuelekea Usambara, ikafika Moshi karibu miaka ishirini baadaye. Njia ile iliugawa mji: upande wa bahari majumba ya serikali, bustani na miti mikubwa, upande wa pili Ngamiani, kwetu, barabara zilizonyooka ambazo hazikupewa majina ya wakubwa. Zina namba tu. Mtu akikwambia anakaa Barabara ya Kumi na Mbili, umeshafika kwake. Anza upande wa bahari alasiri, jua likiwa limepoa: Boma la zamani, ambalo sasa ni makumbusho ya Urithi yenye picha za Tanga ya zamani (hakikisha kwanza saa za kufungua), mnara wa saa, bustani ya Jamhuri ambayo Toten inaonekana ng'ambo ya maji, na Bombo lile jengo la kale la hospitali linaloitazama bahari kutoka juu. Kisha vuka reli. Uivuke jua linapozama, uingie Ngamiani wakati adhana ya magharibi inaitwa, taa zinawashwa na mafuta ya mihogo yanaanza kuchemka.

Mgeni wa bara mara nyingi huja na maneno kichwani. Kasikia utani wa wanawake wa Tanga, wa mapenzi, wa dawa. Mimi huwa sibishani naye. Nampitisha barazani, anasalimiwa na watu asiowajua, anapewa kahawa chungu na kashata kabla hajauliza bei, mzee mmoja anamuuliza nyumbani hawajambo kama kwamba anawajua. Baada ya barabara tatu au nne yale maneno yanamwisha mwenyewe. Akiwa ni mpenda muziki, mwambie kwamba katika mitaa hii ndimo ilimokulia taarabu ya Black Star na Lucky Star, na ndimo walimopigia Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Akiwa mtu wa mpira, mwonyeshe Mkwakwani, na mtajie mwaka 1988 ambao Coastal Union, Wagosi wa Kaya, walichukua ubingwa wa nchi.

Miguu au baiskeli? Tanga ni mji wa baiskeli, ardhi yake ni tambarare, na hapa mama mwenye baibui akiendesha baiskeli kwenda sokoni ni jambo la kila siku. Kama mgeni anaiweza, ni nzuri kwa asubuhi kwenda Raskazone, ufukweni. Kwa Ngamiani, miguu. Baiskeli inakupitisha baraza bila kusalimu.

Chakula sina maneno mengi. Asubuhi mbaazi za nazi na maandazi, usiku samaki wa kupaka, na kama kuna anayejua kupika nyumbani kwako, pika nyumbani. Maziwa na mtindi wa Tanga Fresh mpe, kwa kuwa ng'ombe wetu wana sifa nchi nzima. Kulala: Raskazone pana upepo na utulivu, Ngamiani na Chumbageni ni karibu na kila kitu na bei yake ni ya kawaida. Lakini ndugu alale kwako, hata kama ni mkekani.

Jumapili: bahari ya hapa, au Pangani?

Pangani nampendekezea kila mtu, ila si mwenye nusu siku. Ni kilomita 50 hivi kwenda, na ni mji mwenye uzito. Mwaka 1888 ndiko upinzani dhidi ya Wajerumani ulikowakia, na Desemba 1889 ndiko kiongozi wa upinzani huo, Abushiri bin Salim, alikonyongewa. Kuna mto mpana, kuna Bweni ng'ambo, kuna minazi isiyokwisha. Nje baharini kuna kisiwa cha Maziwe, kilichotengwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975. Zamani kilikuwa na miti. Siku hizi ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika. Sasa mtu anayepanda basi saa sita ataviona lini hivyo? Ataona njia na saa ya mkononi. Pangani iwe ndiyo sababu ya yeye kurudi. Hivyo hivyo Amani, kule milimani kupitia Muheza: msitu ule unataka kulala huko.

Hubaki bahari ya mjini, na hapa kuna jambo ambalo hata wenyeji wengine hulisahau wanapopanga. Bahari yetu hupanda na kushuka sana, na huwezi kuchagua unakokwenda kabla hujatazama mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa ndiyo kwanza umeandama, ni bamvua: maji hukupwa sana karibu saa nne asubuhi na hujaa sana karibu saa kumi jioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ni ndogo, na asubuhi maji huwa yapo.

Hii ndiyo inayoamua. Jumapili ya maji mafu, nenda Raskazone asubuhi mkaogelee, maji yapo hadi karibu na ngazi. Au chukueni mashua kwenda Toten, ambako kuna magofu ya misikiti na makaburi ya zamani. Jina lenyewe ni la Kijerumani, na maana yake ni wafu. Ila Toten ni kichaka. Kama Jumamosi mlikwenda Tongoni, magofu mengine Jumapili ni kumlisha mtu wali kwa wali. Waliokwenda Amboni ndio wa kupelekwa Toten. Jumapili ya bamvua, usimpeleke mtu kuogelea saa nne, mtayakuta maji yamekimbia mbali. Lakini usighairi. Nendeni mkatembee pale maji yalipokuwa.

Raskazone pia ina kisa chake cha kusimulia mnapotembea. Novemba 1914 Waingereza walishusha hapo jeshi la watu 8,000 hivi, wengi wakiwa askari wa Kihindi, kuja kuuchukua mji uliokuwa ukilindwa na askari wa Kijerumani na Waafrika wapatao 1,000 chini ya kamanda wao, von Lettow-Vorbeck. Wakashindwa, wakarudi melini wakaacha silaha nyingi nyuma. Katikati ya mapigano nyuki walivamia, na kwa Kiingereza wengine huviita hadi leo vita vya nyuki. Watoto hupenda hapo penye nyuki. Mimi huwaonyesha wakubwa kitu kingine: idadi ya watu waliokufa mbali na kwao kwa ugomvi wa watu wa mbali zaidi.

Tulivyochagua sisi

Mtoto alitaka Amboni. Alishaiona kwenye simu ya mama yake, alikuja na tochi yake mwenyewe begini. Mama mkwe magoti hayamruhusu kushuka hata ngazi za kwangu bila kushikwa. Wifi akasema tugawane, yeye na mtoto waende pangoni, mimi na mama tubaki. Nikakataa. Watu wamesafiri pamoja kutoka Mwanza, sitawatenganisha siku yao moja kamili. Nikamwambia mtoto kweli yote: Amboni ni nzuri, utaiona likizo ya Desemba, na tochi iache kwangu ikungoje. Alinuna hadi tulipovuka mji.

Tongoni tulifika saa mbili asubuhi. Mtoto alihesabu makaburi, akakosea, akarudia. Mama mkwe alikaa kwenye jiwe kivulini nikamsimulia habari za mji ule, za meli, za moto. Alisikiliza yote. Alipomaliza kunyamaza hakuuliza habari za Wareno hata kidogo. Aliuliza, "Na haya makaburi, nani anayafagia?" Mlinzi aliyekuwa jirani akaja, wakaongea wawili wao muda mrefu, yeye kwa Kiswahili chake cha Kisukuma na yule kwa cha Mtang'ata, juu ya namna makaburi ya wazee yanavyotunzwa huku na kule. Mimi na wifi tulisogea pembeni. Saa tatu tulizopanga zikawa hazitoshi.

Jumapili ilikuwa bamvua. Mwezi ulikuwa mpevu tangu Ijumaa, waliuona ukichomoza walipokuwa wanashuka basi, stendi ya Kange. Nilijua saa nne maji yatakuwa mbali, na hapo ndipo nilipofurahi kwamba wageni wangu ni watu wa Mwanza. Mtu wa ziwani huwezi kumvutia kwa ukubwa wa maji. Ng'ambo ya ziwa lake nako haioni. Anachokuwa hajakiona ni maji yanayoondoka.

Jumamosi jioni, kabla ya Ngamiani, niliwapitisha Raskazone kwa makusudi. Saa kumi, maji yamejaa, mawimbi yanapiga ukingoni, vijana wanajirusha. Mtoto akaloa hadi kiunoni. Jumapili saa nne tukarudi palepale, nikamwambia aoge. Alisimama. Mbele yake kulikuwa na mchanga na matope na majani ya baharini, kaa wanakimbia, mashua zimelala ubavu, na wanawake wameinama mbali wakiokota kombe pale ambapo jana pangemfunika mtu mzima.

"Anti, maji yamekwenda wapi?"

Nikamwambia twende tukayatafute. Tulitembea kwa nusu saa, ndala mkononi, mama mkwe ametungojea chini ya mti na thermosi ya chai. Mtoto aliokota gamba, akaliweka, akaokota jingine. Alitaka kujua kama São Rafael ilikaa hivihivi, ubavu, ikingoja. Nikamwambia ndiyo, hivihivi. Akaniuliza kama maji yatarudi kweli, au tumwambie mtu.

Saa sita niliwafikisha Kange, na mfuko wa machungwa ya Muheza kwa ajili ya njia. Saa kumi nilikwenda Raskazone peke yangu, nikasimama mahali tulipoanzia kutembea, maji yako kifundoni, nikapiga picha nikamtumia wifi. Walikuwa wanakaribia Chalinze. Jibu lilikuja kwa sauti, na sauti haikuwa ya wifi: "Anti, yaambie yasiondoke tena mpaka Desemba."